Mkuu wa Michezo wa Chuo Apimwe kwa Pishi Ipi?

Kila ufikapo mwezi wa Juni, wakuu wa vyuo vya serikali huketi na watumishi walio chini yao ili kuipima kazi ya mwaka mzima. Kuanzia mwaka 2004 upimaji huo ulifanywa kwa fomu za mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, uliozoeleka kwa jina la OPRAS. Na katika miaka hii ya karibuni karatasi zile zimeupisha mfumo wa kompyuta uitwao PEPMIS. Karani hupimwa kwa majalada yake, mhasibu kwa vitabu vya fedha, mkufunzi wa hisabati kwa matokeo ya mitihani. Ifikapo zamu ya mkufunzi mkuu wa michezo, kalamu husita kidogo, kisha huulizwa swali moja tu: umeleta makombe mangapi?

Twaandika leo juu ya swali hilo. Wapo wakubwa watakaoliona dogo, hasa katika nchi yenye mahitaji ya maji, barabara na dawa. Lakini mtumishi huhamishwa kwa swali hilo, fedha za idara hukatwa au kuongezwa kwa swali hilo, na matokeo yake hufika mahali ambapo mwenye kuuliza hajapata kukanyaga. Mahali pamojawapo ni Mkange.

Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, kaskazini ya mto Wami, katika njia iendayo Mkwaja na Pangani. Watu wengi wa mjini wamelisikia jina lake kwa sababu ya mradi wa barabara ya Bagamoyo hadi Tanga, wenye kilomita 256, ambamo kimo kipande cha Tungamaa, Mkwaja hadi Mkange, kilomita 95.2. Wengine huipita tu waendapo kutazama wanyama wa Saadani. Chuo cha ualimu hakipo huko. Kinachofika Mkange kutoka vyuoni ni walimu: vijana wenye sanduku moja, godoro, na barua ya kupangiwa kazi. Kijana huyo ndiye atakayefundisha kusoma na kuhesabu, na ndiye huyo huyo atakayepewa somo la Sanaa na Michezo kwa mujibu wa mtaala. Akiwa hajui kupima mita 100 kwa kamba, watoto watakimbia kutoka mwembe hadi mwembe, na hakuna atakayejua kama yumo miongoni mwao mwenye mbio za kweli.

Hapa hatuna budi kujikosoa kabla ya kuwakosoa wengine, maana ndivyo tulivyofundishwa katika Chama. Miaka kadhaa iliyopita tuliteuliwa kuingia katika kamati ya chuo kimoja cha ualimu, ambacho kukitaja jina hakuna faida. Miongoni mwa mambo yaliyoletwa mbele yetu lilikuwa la mkufunzi mkuu wa michezo. Alikuwa amekitumikia chuo kile miaka sita. Katika miaka hiyo sita, kabati la ofisi ya mkuu wa chuo halikuongezeka hata kombe moja. Taarifa ilikuwa fupi, nusu ukurasa, na ilimalizika kwa maneno "hakufikia malengo". Hakuna aliyeomba daftari la vifaa. Hakuna aliyeuliza ni wanachuo wangapi waliocheza. Chai ilikuwa imeletwa, wajumbe walikuwa na basi la kuwahi, nasi tukatia sahihi pamoja na wengine. Mkufunzi akahamishwa.

Aliyemfuata alileta kombe katika mwaka wake wa pili. Lilipokewa kwa ngoma. Hadi leo tungali twajiuliza wachezaji wanne wa timu ile walikuwa wakisoma darasa gani, maana baada ya mashindano hawakuonekana tena chuoni, wala kwenye orodha ya mitihani.

Yapata miaka mitatu baadaye, kazi za Chama zilitufikisha katika shule moja ya msingi ya kata ya Mkange. Ilikuwa saa kumi alasiri. Uwanja ulikuwa umechorwa kwa majivu, kwa kuwa chokaa haikuwapo, na njia sita za kukimbilia zilionekana wazi. Kundi moja la watoto lilikuwa likifundishwa kupokezana vijiti, na vijiti vyenyewe vilikuwa vipande vya mwanzi vilivyokatwa urefu mmoja. Wasichana walikuwa wengi kama wavulana. Tulimwuliza mwalimu, kijana wa miaka kama 27, mambo hayo ameyatoa wapi. Akatutajia chuo, kisha akamtaja mkufunzi. Alikuwa ni yule yule. Mwalimu alituambia ya kuwa kwa mkufunzi huyo hakuna mwanachuo aliyeruhusiwa kumaliza masomo kabla ya kuchora uwanja kwa mkono wake, kupuliza filimbi katika mchezo mmoja mzima, na kutengeneza vifaa vitatu kwa vitu vinavyookotwa kijijini. Tulirudi kimya.

Ndugu zetu wa Visiwani na sisi wa pwani ya bara twajua kwamba neno "chuo" kwetu lilikuwa na maana nyingine kabla ya kuwa na hii ya serikali. Wengi tulianza chuoni kwa mwalimu wa Kurani, ubao na wino, ndipo tukaenda shuleni. Mwalimu wa chuoni naye alikuwa na siku za kuonekana. Siku ya Maulidi aliwatanguliza watoto wawili watatu wenye sauti nzuri, na watu wakasifu. Lakini wazee hawakumpima kwa siku hiyo. Walimpima siku ya msiba, pale khitima ilipotakiwa kusomwa na mtoto yeyote aliyepita mikononi mwake akaitwa, asiwe yule mwenye sauti, akaketi na kusoma bila kukwama. Kama katika watoto 40 waliweza watatu tu, mwalimu hakuwa na hoja, hata kama Maulidi yake yalisifiwa mpaka Pangani.

Twaamini wazee wale walikuwa na pishi sahihi kuliko fomu zetu.

Tuitazame na historia ya taifa, maana hesabu ya makombe imewahi kutudanganya huko pia, tena kwa pande mbili. Sheria iliyounda Baraza la Michezo la Taifa ilitungwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea. Miaka saba baadaye, tarehe 2 Februari 1974, Filbert Bayi alikimbia mita 1500 mjini Christchurch katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akaongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akamwacha nyuma John Walker wa New Zealand na Ben Jipcho wa Kenya, na kuivunja rekodi ya dunia. Mwaka 1975, mjini Kingston, akaivunja na ile ya maili moja. Dunia nzima ikawa yangoja Montreal 1976, Bayi na Walker wakutane tena.

Hawakukutana. Timu ya ragbi ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza na makaburu wa Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika nchi za Afrika zilizokataa kushiriki Olimpiki pamoja na New Zealand. Walker akaichukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39.17. Ukimpima kiongozi wa michezo wa Tanzania kwa medali za mwaka 1976, amepata sifuri. Yuko wapi mwenye kuthubutu kusema alishindwa kazi? Taifa lilikuwa limeamua ya kuwa liko jambo zito kuliko medali, na waliotekeleza uamuzi huo, wakiwemo wanamichezo waliopoteza nafasi ya maisha yao, walitenda kazi kubwa ambayo haina safu katika fomu yoyote.

Miaka minne baadaye, Moscow, tulipata medali mbili za fedha: Bayi katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui katika mita 5000. Mpaka baada ya Paris 2024 hizo zilikuwa bado ndizo medali pekee za Olimpiki tulizonazo. Twajivunia. Lakini ukweli unatudai tukumbuke kuwa safari hiyo waliosusa walikuwa wengine, Marekani na Kenya wakiwa miongoni mwao. Basi sifuri ya 1976 haikuwa aibu, na mbili za 1980 hazikuwa kipimo kamili. Tarakimu ni zile zile zinazoandikwa kwa wino mmoja, ila kila moja ina kisa chake, na mtathmini asiyekiuliza kisa hicho amenakili tu.

Kadhalika kisa cha Nyambui kina somo jingine kwa wakuu wa vyuo. Kutoka nyumbani alikwenda kusoma Marekani, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Huko vyuo vina mkurugenzi wa michezo mwenye mshahara mnono na ofisi ya kutisha, naye aghalabu hupimwa kwa vikombe na kwa fedha. Mwaka 1980 Nyambui alikuwa bingwa wa mbio za nyika za vyuo vyote vya nchi ile, na chuo chake kikawa bingwa. Katika mita 10,000 alishinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Gidamis Shahanga naye alikuwa huko. Kabatini El Paso zimejaa ngao. Lakini Nyambui, aliyezaliwa mwaka 1953, alikuwa na miaka 27 alipouchukua ubingwa ule wa nyika, na Shahanga alikuwa bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola tangu Edmonton 1978. Mkurugenzi wa El Paso alipokea ng'ombe aliyekwisha nenepa. Hatumlaumu, kwani sheria za kwao ziliruhusu. Twauliza tu: sifa ya malisho ni ya nani?

Kwetu sheria haziruhusu, na jambo lile lile lina jina lake: mamluki. Kila mfuatiliaji wa mashindano ya shule na vyuo anayajua malalamiko hayo, kuanzia UMITASHUMTA, UMISSETA hadi ngazi za juu: mchezaji wa timu ya mtaani anapewa sare ya shule kwa wiki mbili, mwanafunzi halali anakaa benchi kushangilia nafasi yake ikichezwa na mgeni. Twawalaumu walimu wanaofanya hivyo, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini na tuseme wazi nani aliyewafundisha. Mtu aliyeambiwa kwamba ajira yake ni kombe atalitafuta kombe kwa njia yoyote, na mtathmini aliyemwekea kipimo hicho ni mshirika katika kosa.

Watakuwapo watakaotujibu kwamba tunataka kuwatetea wavivu. Watasema mkufunzi asiyeshinda atajificha nyuma ya maneno kama "ushiriki" na "malezi", na fedha za umma zitateketea bila tunda. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuidharau. Wapo wakufunzi wa michezo ambao kazi yao ni kulinda ufunguo wa stoo. Mipira inaoza ndani, nyasi zinafika magotini, na jioni wao ndio wa kwanza kupanda pikipiki. Kombe nalo si adui. Timu inaposhinda kwa haki, chuo hupata ari, na wazazi huanza kuamini kwamba mtoto anayecheza hapotezi muda. Tukumbuke pia kwamba katika miaka ya mwanzo ya karne hii mashindano ya shule yalisimamishwa kwa muda, na waliolia zaidi ni vijana waliokosa mahali pa kuonyesha vipaji vyao. Tunachokataa ni kombe kufanywa kuwa ushahidi pekee.

Na hasa linapokuja suala la Visiwani, ushahidi huo pekee ni dhuluma. Michezo si jambo la Muungano. Zanzibar ina wizara yake na baraza lake la michezo, na hata tamasha lake la Elimu Bila Malipo, linalokumbusha tangazo la Mzee Karume la tarehe 23 Septemba 1964. Lakini mara nyingi vijana wa Unguja na Pemba hukutana na wa bara katika mashindano yale yale, kisha wakubwa hulinganisha makabati. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, kati ya Watanzania 61,741,120. Chuo kinachochagua wanachuo wake katika watu wasiofika milioni mbili, kikiwekwa mizani moja na vyuo vinavyochagua katika karibu milioni sitini, kikashika nafasi ya tatu, mkufunzi wake huenda amefanya kazi kubwa kuliko wa kwanza. Na machungu ya kupimwa bila kupewa uwanja, Wazanzibari hawahitaji kufundishwa: Machi 2017 walipokewa kuwa wanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika, na Julai ya mwaka huo huo wakaambiwa haikuwa halali.

Liko jambo la wasichana, ambalo tusiposema sisi wenye malezi ya pwani atalisema mtu mwingine kwa ubaya. Wazazi wengi wa kwetu hawakatai binti acheze. Wanakataa acheze akiwa amevaa wasichokiridhia, mbele ya kadamnasi ya wapiga miluzi, saa ya magharibi. Mkufunzi hodari huliondoa kila moja kati ya vikwazo hivyo: hupanga saa, huweka vazi la heshima linaloruhusu kukimbia, humtafuta mkufunzi wa kike, huenda kuzungumza na wazazi. Mkufunzi mvivu huandika kwamba "wasichana hawana mwamko". Marekani ilihitaji sheria, ile ya mwaka 1972, kuvilazimisha vyuo kutowabagua wanawake michezoni. Sisi twaweza kuanza kwa safu moja katika fomu: wasichana wangapi waliingia chuoni bila kucheza, na wangapi wametoka wakiweza kufundisha mchezo.

Basi apimwe kwa nini? Kwa vitu vinavyohesabika, maana serikali haiendeshwi kwa hisia. Kuna daftari la vifaa: vilivyoingia, vilivyovunjika, vilivyotengenezwa hapo hapo chuoni. Kuna idadi ya wanachuo wanaocheza kila wiki, si wale 15 wa timu peke yao bali chuo kizima. Kuna matokeo ya masomo ya wachezaji, kwa sababu mkufunzi anayewatoa wanachuo darasani wiki tatu kabla ya mashindano ameiba kwa wenzake. Kuna majeraha, na jinsi yalivyotibiwa. Kuna hesabu za safari, shilingi kwa shilingi. Makombe yawekwe humo, mwishoni.

Lakini kipimo kikubwa cha mkuu wa michezo wa chuo cha ualimu hakipatikani chuoni kamwe. Kiko Mkange, na Mkwaja, na Makunduchi, na Micheweni. Kila chuo kingeweza, kwa gharama ndogo, kuwaandikia walimu wakuu wa shule walikopangiwa wahitimu wake wa miaka mitatu iliyopita na kuwauliza maswali manne: mwalimu huyu amechora uwanja? Anafundisha michezo mingapi? Wasichana wanacheza? Watoto wasio na kipaji nao wanacheza, au wanatazama? Maafisa elimu kata wana pikipiki na hupita shuleni humo. Bagamoyo mjini iko ADEM, wakala wa serikali unaowafundisha viongozi wa elimu kazi ya uongozi. Hakuna kinachozuia maswali hayo kuingizwa katika mafunzo ya wakuu wa shule na vyuo.

Itahitaji subira, na subira ndiyo isiyopendwa na fomu ya mwaka mmoja. Tumwangalie Alphonce Simbu. Rio 2016 alimaliza wa tano katika marathoni. London 2017 alipata shaba ya dunia. Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021 alikuwa wa saba, na Paris 2024 alitoka bila medali. Afisa mwenye haraka angekwisha kumwandikia kwamba muda wake umepita. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe, wote wawili wakiandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Ndani ya miaka ile tisa fomu zilijazwa na kufungwa mara tisa.

Tumepata kusikia kwamba mkufunzi yule wa majivu na mianzi amekwisha staafu na anaishi kwao. Hatujaenda kumwona. Katika jalada lake maneno "hakufikia malengo" yamo bado, na sahihi yetu ni ya tatu kutoka juu.